Furaha ya Edinah Ilikuwa na Mwenyewe

Kitendawili, Edinah.

Tunajua ungeitikia "tega" hata ukiwa na pini mdomoni. Haya basi: ndani ya nyumba kinaniliza, nje kinawaambia majirani nimeshiba. Ni nini?

Umeshindwa? Toa mji. Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukitupatia Molo kila mara, ukisema baridi yake huitaki na viazi vyake vinakuja vyenyewe mpaka mlangoni. Kisha ukaolewa na mwanamume anayenunua viazi Molo, tukacheka kwamba mji uliokuwa ukitutolea bure sasa umekuja kuchukua chake.

Jibu ni moshi wa jikoni. Anayepuliza moto anatokwa na machozi na kamasi, lakini jirani akiona moshi juu ya paa anasema, hao leo wanapika, hao wako sawa.

Mwaka umezunguka, Edinah, tangu ulipotuacha. Ibada ya kukukumbuka tuliifanya Jumamosi kwa sababu ya watu wa kazi, lakini siku yako hasa ni leo. Mama yako Eucabeth ameamka akachemsha chai ya rangi bila sukari, ile uliyoipenda, akainywa amekunja uso. Chai ya namna hiyo yeye huiona kama adhabu. Lakini siku yako ni siku yako.

Ulikuwa fundi wa nguo hapa Rhonda, kibanda chako kinatazamana na posho mili, kila nguo ikitoka na unga kidogo begani. Kina mama wa Alhamisi, wale mliokuwa mkikutana nao kanisani kuomba, wote walivaa mkono wako: gauni la samawati, kola nyeupe, na kitambaa cheupe cha kichwa. Ulikuwa huwezi kumpima mtu bila kumchokoza. "Mama, tepu yangu ina siri nyingi, lakini wewe Krismasi uliila na mifupa." Na yule mama alikuwa anacheka mpaka unamwomba asimame wima upime upya.

Yule mjane wa nyuma ya soko ulimshonea yunifomu nzima, ukamwambia ni vipande vilivyobaki. Sisi tuliokuwa tukifagia kibanda chako tunajua hakukuwa na kipande kilichobaki. Huo ndio uongo pekee tuliowahi kukusikia ukiusema kwa mdomo.

Ule mwingine hukuusema wewe. Walikusemea.

Ulikuwa unaimba. Ploti yetu ni ya mabati, ukuta mmoja unatumika na nyumba mbili, na mtu akikohoa huku anapewa pole kule. Kwa hiyo nyimbo zako zilisikika kwa wote. Majirani wakasema kwako, kwa Mama Sydney, ni mbinguni ndogo. Kina mama wa Alhamisi nao wakaanza kukuletea wake wachanga wenye shida. Wakawaambia, nenda ukakae na Edinah, uone vile anaomba, uone vile anaimba, kisha uone vile mume wake ametulia. Wewe uliwakaribisha, ukawapa stuli, ukaomba nao. Hukuwahi kumwambia hata mmoja kwamba mumeo ametulia kwa sababu ya maombi. Hukusema hivyo, Edinah. Walipokuwa wakisema wao, ulikuwa unainamia cherehani.

Mama yako alikuwa na chumba cha mwisho, karibu na lango. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake, hali naye meza moja, wala hawaangaliani usoni, ndiyo maana akapangisha pale badala ya kukaa kwako. Jioni alikuwa anakaa nje akichambua maharagwe, na lango likilia na kumwona Wamalwa mumeo anaingia, anageuza stuli yake kuangalia ukuta mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima tuliyofunzwa. Mtu aliyegeukia ukuta haoni, lakini masikio hayana mgongo.

Ndivyo alivyojua. Kabla ya lango kulia, nyumba yako ilikuwa kimya, au ilikuwa na kicheko chako na wateja. Lango likilia, wimbo unaanza. Anavua viatu, wimbo. Anakula, wimbo. Kijiko kikiwekwa chini na kitanda kikilia, wimbo unakatika, hata kama ulikuwa katikati ya ubeti. Majirani walisikia mwanamke mwenye furaha na mume wake. Mama yako alisikia mwanamke anayejaza chumba ili isisikike kwamba hakuna anayezungumza.

Tumpe Wamalwa haki yake. Hakukupiga. Hakunywa. Unga haukukosekana. Lakini huko Molo, kwenye lori, alikuwa na maneno mengi. Wapakiaji wanasema hakuna mtu wa mzaha kama yeye. Akifika kwako, maneno yanabaki na magunia. Siku moja ulimwuliza, na mlango ulikuwa wazi:

"Molo iko aje?"

"Iko."

"Mvua?"

"Iko."

Ukaanza wimbo.

Pia tusidanganye upande wa pili, kama wanavyofanya wengine siku hizi, wanaosema uliomba kwa sababu hukuwa na pa kwenda. Mama yako alikuona Alhamisi ukirudi. Uso ulikuwa umetakata, mwendo wa msichana, mandazi kwenye gazeti kwa ajili ya watoto wote wa ploti. Ile haikuwa furaha ya kuigiza. Jioni moja alikuuliza unapata nini huko, ukamwambia, "Mama, nikipiga magoti kuna mtu ananisikiliza mpaka mwisho."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nashona, Mama."

Basi ulikuwa na furaha, na tunamshukuru Mungu aliyekupa. Ilikuwa yako na yeye. Uchungu wetu uko kwa wale walioichukua wakaiandika jina la mumeo, kisha wakaifanya somo.

Hata kifo chako wamekifanya somo. Ulipatikana umepiga magoti kando ya cherehani, kichwa kimeegemea meza. Presha, daktari alisema. Mama Linah, mwenyekiti wa kina mama, akasimama kwenye mazishi akasema, "Dada yetu amekufa akiiombea ndoa yake," na watu wakalia kwa sauti. Lakini mama yako ndiye aliyekunyoosha vidole, na ndani ya ngumi yako kulikuwa na bobini ya uzi ya cherehani. Ilikuwa imeanguka chini ya meza, ukainama kuitafuta, ukaipata. Angewaambia nini? Kwamba ulikuwa kazini? Wangemwona anamwibia marehemu utukufu.

Tulidhani yataishia hapo. Hayakuishia hapo, kwa sababu ya Natasha.

Mwanao wa mwisho alifika siku chache kabla ya ibada, akitoka kwa mume wake Travis huko Kihoto, Naivasha, na sanduku ambalo chini yake lilikuwa bado na tope. Ziwa lilikuwa limeingia nyumbani tena. Mama yako, nyanya anayemwita Kukhu, alimpa maji ya kuoga kwanza, kisha akamwuliza.

"Travis alikuwa wapi maji yakiingia?"

"Alikuwepo, Kukhu. Alitoa televisheni. Akarudi akatoa godoro. Akarudi akatoa spika. Halafu akaniambia mimi nibaki niangalie vitu vingine, yeye anaenda kulala kwa beste yake."

"Na wewe ukabaki?"

"Nilibaki nimekaa juu ya meza. Nikapigia kina mama wa kanisa ya huko. Wakaniambia niombe vile mama yangu alikuwa anaomba."

"Ukaomba?"

"Niliomba, Kukhu. Maji ikapungua. Travis hakurudi mpaka ikauke."

Natasha anakupenda, Edinah, lakini amechoka. Alisema Travis si mbaya, anarudi, anakula akiangalia simu, analala. Ukimwongelesha anasema "niaje" kama mtu aliyekutana nawe stejini. Hajui kama hiyo ni shida ya kuondokea au ni ndoa tu, ndivyo zilivyo zote. Alitaka mtu amwambie. Arudi Kihoto, au asirudi? Sanduku alikuwa hajalifungua.

Kesho yake akaja Mama Linah, na kitambaa chako kimekunjwa kwenye mkoba.

Unakumbuka desturi yenu wenyewe: mwenzenu akifa, kitambaa chake kinawekwa mwaka mmoja, kisha anapewa binti yake akae kwenye nafasi ya mama. Lakini binti awe kwa mume wake. Aliyetoka kwa mume hapewi.

"Bwana asifiwe, Mama Eucabeth."

"Asifiwe sana. Keti, Linah. Hiyo stuli ina mguu mbaya, kaa upande."

Alikaa upande. Akamwangalia Natasha, akaangalia sanduku. "Nimesikia uko hapa, mwanangu. Na Jumamosi ndiyo kitambaa. Nimeongea na Travis kwa simu, atakuja. Mrudi pamoja baada ya ibada, tukuombee, tukuvalishe, uende ukiwa umefunikwa."

"Na nisiporudi?"

"Mama yako angerudi."

"Mama hakuwahi kutoka," Natasha akasema. "Kwa hivyo hatujui angerudi ama hangerudi."

Mama yako aliinama akatafuta jiwe kwenye maharagwe ili asionekane akitabasamu.

Linah hakukasirika. Ni rafiki yako, alikulilia kwa kweli, tusimpunguzie. Alisema kwa upole, "Natasha, mimi nimeona ndoa nyingi. Ile ya mama yako ilisimama kwa magoti. Ukiomba, furaha inakuja. Furaha ikija, mume anatulia. Iko hivyo, kama maji na unga ni ugali."

"Na moto?" mama yako akauliza.

"Moto gani?"

"Maji na unga bila moto ni uji wa kuku, Linah."

Linah akacheka, lakini Natasha hakucheka. Aliuliza lile swali, na tangu hapo halikulala. "Mnieleze tu. Mama alikuwa na furaha na baba?"

"Ni nani Rhonda hii hakumsikia akiimba?" Linah akasema.

Natasha akamgeukia nyanya yake. Na mama yako, Edinah, alikuwa na jibu, lilikuwa limekaa kwenye ulimi miaka yote. Lakini neno la mama mkwe juu ya mkwe ni ushahidi wa paka juu ya mbwa, nani ataupokea? Linah angesema ni chuki. Natasha angebeba jibu la mtu mwingine mpaka Kihoto, na likimwangusha njiani angemlaumu nani? Na kumwuliza Wamalwa mwenyewe haikuwezekana. Mama mkwe anayemgeuzia mtu mgongo kwa heshima hawezi kumgeukia kwa swali kama hilo. Mtoto anaweza.

"Nenda ukamwulize aliyekuwa anavua viatu mle ndani," akamwambia.

Natasha akaenda, milango mitatu tu kutoka pale. Baba yake alikuwa uani anashona mdomo wa gunia la mbegu. Mama yako aligeuza stuli, lakini tumeshasema habari ya masikio.

"Baba, mama alikuwa na furaha na wewe?"

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

Kamba ikapita kwenye gunia, krr, krr.

"Umekula?"

"Sijauliza chakula, Baba."

"Kula kwanza."

Natasha akasubiri mpaka gunia likaisha kushonwa. Baba yake akavuta gunia lingine. Natasha akarudi kwa mama yako. "Ameniambia nikule," akasema, na wote wawili wakacheka hadi wakajikuta wanalia, kila mmoja amemgeukia mwenzake kisogo.

Basi ikafika Jumamosi. Hema lilijaa, samawati na nyeupe kila upande, yote ni mishono yako. Mama yako alitambua hata zile pindo ulizofungulia watu walionenepa. Mhubiri alisema juu ya mke mwema. Travis alikuja na shati safi, akakaa karibu na spika. Wamalwa alikaa kiti cha mwisho nyuma, kofia magotini, na mama yako mbele kabisa, mgongo ukimwelekea, kama inavyotakiwa.

Linah akasimama akakikunjua kitambaa, akakiinua watu wakione. "Hiki ni cha mwanamke aliyeiombea ndoa yake mpaka ikajaa furaha. Natasha, njoo ukipokee. Leo hii kirudi Kihoto kikiwa kichwani kwako."

Wakapiga vigelegele. Natasha akaenda mbele, lakini mikono akaiweka nyuma.

"Mama Linah, nakuheshimu. Kuna swali nimemwuliza baba, hajanijibu. Akinijibu, nitajua kama nakivaa ama nakiacha. Nikikivaa naenda na Travis leo, na siongei tena." Akainua macho, akapitisha juu ya vichwa vyote mpaka kiti cha mwisho. "Baba. Mama alikuwa na furaha na wewe?"

Edinah, ungesikia mabati ya ploti yakipanuka kwa jua. Travis aliweka simu mfukoni. Linah alibaki amekishika kitambaa kwa ncha mbili kama mtu anayeanika nguo. Wamalwa akaangalia kofia.

Ndugu yako Micah, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, ndiye aliyesema, "Shemeji, mtoto anauliza. Si bei ya viazi."

Hakuna aliyemkemea. Wamalwa akasimama. Na mama yako, kwa mara ya kwanza tangu ulipoolewa, akageuza kiti chake kizima akamwangalia mkwe wake usoni. Alikuwa mzee kuliko alivyodhani. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Huo ulikuwa uchungu juu ya uchungu. Angalau mbaya mtu humchukia akapumzika.

Tuwaandike kwanza wanaokukumbuka, jibu la Wamalwa tuliache mwisho.

Unakumbukwa na mama yako Eucabeth, aliyetega na hatapata tena wa kumtolea Molo. Na ndugu yako Micah, na mdomo wake. Na Sydney mwanao wa kwanza, aliyekuja na basi la usiku akarudi na basi la usiku. Na Natasha, ambaye tangu Jumatatu anakaa kwenye cherehani yako na kushona pindo zilizopinda. Travis akipiga simu anaambiwa aje mwenyewe, aje na maneno, na mpaka leo hajaja. Na Mama Linah na kina mama wote wa Alhamisi, waliokupenda bila kukuuliza. Kitambaa chako bado kiko kwenye mkoba wake. Na yule mjane wa nyuma ya soko, aliyevaa yunifomu yake. Sisi sote, Edinah, tutakukumbuka ulivyokuwa, si ulivyoimbwa, na kukukumbuka huko hakutakoma.

Na unakumbukwa na Wamalwa mumeo, aliyesimama pale nyuma na kofia mkononi, akamwangalia mtoto wenu, akasema:

"Hapana, mwanangu. Hakuwa na furaha na mimi, na nilijua. Yale ambayo angeniomba mimi alimwomba Mungu, nami nikapumzika."